Ukifundishwa Kufuma, Umepewa Nini?

Tuseme umemlipa mtu akufundishe kazi ya mikono. Bei aliitaja mwenyewe, na wewe hukupunguza hata shilingi. Amekufundisha, umejua. Mkiachana hapo, kuna mtu anayemdai mwenzake?

Wengi wetu tungejibu haraka kwamba hakuna. Mwalimu wa udereva ukishamlipa hakuulizi baadaye unaendesha gari kwenda wapi. Aliyekufundisha kuoka keki hatakuja kudai fungu lake kila ukiuza keki ya harusi. Umelipa, umepata, mambo kwisha. Hivyo ndivyo tumezoea kuona elimu hapa mjini, kama bando: ukishanunua ni yako, itumie unavyotaka.

Nimekuwa nikilizungusha swali hili kichwani tangu nijifunze kufuma kwa mtambo wa kiunoni huko Guatemala. Kadiri ninavyoendelea kulifikiria, ndivyo lile jibu la haraka linavyozidi kutonitosheleza.

Guatemala nilikuwa nimeenda kusoma Kihispania. Wageni wengi huenda San Pedro La Laguna, mji mdogo kando ya Ziwa Atitlán, kwa sababu shule za lugha pale ni za bei nafuu. Mji wa jirani ni San Juan La Laguna, na kutoka huku hadi kule unapanda tuktuk, zile zile tunazozijua Mombasa. Wenyeji wa San Juan ni Wamaya wa jamii ya Watz'utujil, na lugha yao ni mojawapo ya lugha 22 za Kimaya zinazozungumzwa Guatemala. Wanawake wa pale wana vikundi vya ushirika wa kufuma, na baadhi ya vikundi hivyo hufundisha wageni kwa malipo. Mama aliyenifundisha sitamtaja jina. Nilimwita doña, kama kila mtu mdogo kwake alivyomwita, na yeye akaniita mija, yaani binti yangu. Tuliongea Kihispania, ambacho hakikuwa lugha ya mama kwa yeyote kati yetu. Yeye tu alianza kujifunza mapema.

Hebu kwanza nieleze mtambo wenyewe, kwa sababu bila kuuelewa hoja yangu haitasimama.

Ukiukuta umewekwa pembeni hutajua kuwa ni mtambo. Ni fimbo chache zilizoviringishiwa nyuzi, unaweza kuzibeba kwapani. Hauna fremu. Ncha moja unaifunga kwenye mti au nguzo. Ncha ya pili inashikana na mkanda unaopita nyuma ya kiuno chako, nawe umepiga magoti au umeketi kwenye kistuli kifupi. Zile nyuzi zilizotandwa kati ya nguzo na kiuno, Kiswahili huziita mtande. Uzi unaopita katikati yake, kwenda na kurudi, ni mshindio. Kuna fimbo iliyofungiwa vitanzi vya uzi vya kuinua nusu ya mtande, na nyingine ya kushikilia nusu ya pili. Kila mshindio ukipita, unaugongelea mahali pake kwa ubao mgumu wenye umbo la upanga.

Kinachokaza mtande ni mgongo wako. Ukiegemea nyuma, nyuzi zinakaza. Ukijisogeza mbele, zinalegea ili vitanzi viinuke. Siku nzima unaenda mbele na nyuma hivyo, kidogo kidogo. Ukivua mkanda uende kunywa maji, hakuna mtambo tena, ni fimbo tu na nyuzi zimelala chini. Hata upana wa nguo unategemea mikono yako inafika wapi. Ndiyo maana huipil, ile blauzi ya wanawake wa Kimaya, mara nyingi huunganishwa kwa vipande viwili au vitatu. Na kipande kinaweza kutoka kwenye mtambo kikiwa na pindo zote nne zimekamilika, bila kuguswa na makasi.

Kazi hii ni ya kale. Katika kisiwa cha Jaina, Mexico, zilifukuliwa sanamu ndogo za udongo zenye umri wa zaidi ya miaka 1,000, na miongoni mwake yumo mwanamke anayefuma hivi hivi, ameketi mbele ya mtambo wake. Wahispania walipokuja katika karne ya 16 walileta mtambo wa kukanyaga kwa miguu, na huo ukawa zaidi kazi ya wanaume. Ule wa kiunoni ulibaki kwa wanawake, ndani ya nyumba zao, ukirithiwa kutoka kwa mama hadi kwa binti.

Doña hakufundisha kwa maneno mengi. Siku ya kwanza alinifunga mkanda, akanivuta mabega nyuma kwa viganja vyake, akasema kaza. Kisha akanisukuma mbele, akasema legeza. Alikaa nyuma yangu, mikono yake juu ya mikono yangu, mpaka ikaanza kwenda yenyewe. Nilipomuuliza hesabu ya mapambo imeandikwa wapi, alicheka, akaniletea kitambaa kilichochakaa chenye safu za ndege, milima na maua. Mama yake ndiye aliyekifuma, kiwe cha kuwaonyesha mabinti. Hicho ndicho kitabu.

Mapambo hayo hayachapwi wala hayatariziwi baadaye. Yanaingizwa nguo inapofumwa. Unahesabu nyuzi za mtande, unainua hizi, unaruka zile, unapitisha uzi wa rangi, unagonga. Mstari unaofuata, hesabu inabadilika. Ndege mmoja mdogo anaweza kumaliza asubuhi yako yote. Baada ya wiki tatu nilikuwa na kipande chenye upana wa kiganja na safu moja ya ndege. Nilikilipia, nikakifuma kwa mgongo wangu mwenyewe, nikarudi nacho Nairobi nikakitundika ukutani.

Sasa hapo ndipo swali lilipoacha kuwa la darasani.

Nina beshte yangu anayeuza nguo mtandaoni. Alipokuja kwangu akakiona kile kipande, alikipiga picha hata kabla hajaketi. Wiki iliyofuata akanitumia mchoro: safu ile ile ya ndege, imesafishwa kwenye kompyuta, imepangwa juu ya mashati na mifuko. "Angalia hii kitu, ni noma," aliandika. "Tunagawana nusu kwa nusu. Si wewe ndiye ulienda ukasota huko?" Wakati huo kazi yangu ya kutafsiri ilikuwa imekauka na kodi ya miezi miwili ilikuwa inaningoja. Mwenye nyumba alikuwa ameanza kunisalimia kwa sauti ile unayoijua. Kwa hivyo sitajifanya eti nililitazama jambo hili nikiwa nimeshiba.

Na beshte si mjinga. Alikuwa na hoja tatu, na kila moja inastahili jibu.

Ya kwanza ilikuwa fupi: ulilipa. Ni kweli, na doña hakulalamika kuhusu bei. Lakini nililipia nini hasa? Nililipia muda wake, uvumilivu wake, na mikono yake juu ya yangu. Nilichopata ni uwezo. Uwezo wa kufanya kitu na haki ya kukifanya ni mambo mawili, na mara nyingi tunayachanganya kwa sababu huja pamoja. Fundi wa kufuli akikufundisha kufungua kufuli, amekupa uwezo kamili, na hajakupa ruhusa ya kuingia nyumba hata moja. Utasema kufuli lina mwenyewe anayejulikana. Ndege waliofumwa je, mwenyewe ni nani?

Hapo ndipo beshte alipoingiza hoja ya pili, na hii ilinishughulisha zaidi. Kila kitu kimeigwa, alisema. Tazama kitenge. Tunakivaa harusini tukijisikia Waafrika kamili, na asili yake ni batiki ya Java. Katika karne ya 19 viwanda vya Uholanzi viliiga batiki hiyo kwa mashine, na vitambaa hivyo vikaja kupata soko lao kubwa Afrika Magharibi. Kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa mji wa Helmond mwaka 1846, bado inauza mpaka leo. Kama tungesubiri ruhusa ya Wajava, mama zetu wangevaa nini?

Nikamwambia historia hiyo ni sahihi, lakini isome mpaka mwisho. Jina la kiwanda tunalijua, mwaka kilipoanzishwa tunaujua, hata mji. Wale mafundi wa Java waliobuni yale mapambo, taja mmoja. Kwamba jambo lilifanyika, likazaa kitu kizuri, hakuonyeshi kwamba hakuna aliyedhulumiwa njiani. Mtoto anaweza kuzaliwa katika ndoa ya kulazimishwa, tukampenda mtoto, na bado tukaikataa ile ndoa.

Ila beshte ana pointi moja ambayo siwezi kuikwepa: tamaduni zimekuwa zikikopana tangu zamani. Wafumaji wa Kimaya wenyewe wanakopa. Utawaona wakitumia nyuzi za kiwandani zenye rangi kali, na wasichana wakijaribu mapambo waliyoyaona mji wa pili. Anayesema utamaduni halisi ni ule usioguswa anataka Wamaya wakae makumbusho. Kwa hivyo ninachouliza si kama kuiga ni dhambi. Ninauliza ni lini kuiga kunakuwa kukopa, na ni lini kunakuwa kunyang'anya.

Hoja ya tatu ilikuwa kwamba tutawatangaza. Watu wataona ndege, watapenda, watauliza wametoka wapi. Wee, ni nani huuliza? Wewe umeshawahi kusimama Gikomba ukauliza ua lililo kwenye blauzi ya mtumba limetoka kijiji gani? Masoko ya Guatemala kwenyewe yana huipil zilizotengenezwa kwa mashine, zikiiga kazi ya mikono. Ya mkono huchukua miezi, ya mashine haichukui hata siku, na bei inafuata hapo hapo. Matokeo yake ni kwamba kuna wanawake wa Kimaya wanaonunua nakala kwa sababu ile halisi, ambayo mama zao wangeweza kuifuma, hawaimudu. Kuna pia madalali wanaonunua huipil kuukuu kutoka kwa mama mwenye shida, kwa bei ya shida, zikakatwe mikoba ya kuuzwa ng'ambo. Kitu kilichotoka kwenye mtambo bila kuguswa na makasi, makasi yanamalizia kazi huko.

Baada ya kubishana na beshte nikaona afadhali nimuulize mwenyewe. Nikamtumia doña ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, kwa Kihispania changu cha kubahatisha, nikamweleza kuhusu mashati na nusu kwa nusu. Nikasema tuko tayari kumtumia kitu kidogo kila mwezi. Jibu lilikuja usiku, fupi. Kile kipande ulichofuma ni chako, mija, kiuze ukitaka. Lakini ndege si wangu hata nikupe.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ndiyo, na nilikuwa nimejiandaa kwa hapana. Jibu hili lilinionyesha kwamba swali langu lilikuwa na sura nyingine kabisa. Nilidhani kuna mtu mmoja mwenye mali, nami namwomba ruhusa. Yeye alikuwa ananiambia kwamba amewashika wale ndege kama mtu anavyoshika shamba la ukoo: unalima, unavuna, unawalisha watoto, lakini huuzi. Mgeni akikuta ng'ombe wako anauzwa unaweza kumuuzia. Kaburi la babu je?

Na kweli huko kwao jambo hili lilishafika mahakamani. Mwaka 2016 vuguvugu la wafumaji wa Kimaya, likishirikiana na shirika la wanawake la AFEDES, ambalo Angelina Aspuac amekuwa miongoni mwa sauti zake zinazosikika sana, lilienda Mahakama ya Katiba ya Guatemala kulalamika kwamba sheria za nchi haziwalindi. Sheria ya hakimiliki inamtambua mtunzi mmoja, mwenye jina na tarehe. Pambo lililopita mikono ya wanawake elfu halina mtunzi wa namna hiyo, kwa hivyo mbele ya sheria linakuwa mali ya yeyote anayelikuta. Mwaka huo huo walipeleka bungeni mswada, namba 5247, wa kutaka jamii zenyewe zitambuliwe kuwa watunzi kwa pamoja. Mwaka 2017 mahakama ikalihimiza Bunge litunge sheria ya kulinda ubunifu huo.

Mwaka 2016 ni mwaka ule ule Kenya ilipopitisha sheria yake ya kulinda ujuzi wa jadi na sanaa za kitamaduni, inayosema jamii iombwe idhini kabla ujuzi wake haujatumiwa kibiashara. Sisi nasi tulikuwa tumeshaonjeshwa dawa hiyo. Katika miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara. Wakenya walipinga, na ombi likaachwa. Watu wa Pwani hawakuhitaji kusomea sheria kujua hapo kuna kitu hakiko sawa. Iweje tujue uchungu huo ukitupata sisi, halafu tusiutambue tunapomwekea mwingine?

Mtu anaweza kusema neno ni neno, na ndege ni ndege tu. Hapo nitamrudisha kwenye kanga. Sote tunajua kanga ina jina, yale maneno ya chini. Umewahi kumwona mtalii amejifunga kanga yenye maneno ya kumsuta mke mwenza, anatembea ufukweni akitabasamu? Tunacheka, hatumkasirikii. Ila tunajua kitu ambacho yeye hajui: nguo aliyoivaa inaongea, na hajui inasema nini. Huipil pia inaongea. Mtu anayezijua akiiona anaweza kutambua mwanamke ametoka mji gani. Tofauti ni kwamba kanga unachagua maneno ya leo, kesho unavaa mengine. Huipil inataja kwenu.

Na kutaja kwenu kuliwahi kuwa hatari. Vita vya ndani vya Guatemala vilidumu kuanzia 1960 hadi 1996. Tume ya ukweli iliyotoa ripoti mwaka 1999 ilikadiria waliouawa au kupotezwa kuwa zaidi ya 200,000, na kati ya waathiriwa waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Wakati jeshi lilipokuwa likivichoma vijiji, kuna wanawake walioacha kuvaa huipil ya kwao ili askari kizuizini wasijue wametoka wapi. Hata baada ya amani, mwaka 2002, mwanaanthropolojia wa jamii ya K'iche', Irma Alicia Velásquez Nimatuj, alizuiwa kuingia baa moja jijini Guatemala kwa sababu alikuwa amevaa nguo za Kimaya. Mwanamke msomi, mlangoni, kwa sababu ya nguo.

Hapa ndipo ninapoona ile tofauti kati ya kukopa na kunyang'anya. Shati la beshte lingekuwa na ndege wale wale. Kijana wa Nairobi angelivaa Jumamosi, akaingia baa yoyote, akasifiwa. Angepata uzuri wote wa pambo lile bila gharama yake hata kidogo, na pesa zingebaki kwetu. Anayekopa anabeba na uzito wa kitu, au angalau anajua upo na nani anaubeba. Anayenyang'anya anachukua upande unaong'aa, ule mzito anawaachia wenyewe.

Lakini ngoja, kuna hatari upande wa pili pia, na nisipoitaja nitakuwa nimedanganya. Ujuzi ukifungiwa ndani sana unakufa. Nilipotumia maneno mtande na mshindio hapo juu, ulikuwa unayajua? Mimi niliyakuta kwenye kamusi nikitafuta namna ya kumweleza dadangu nilichokuwa nafanya. Ni maneno ya Kiswahili, tena ya zamani, kwa sababu Waswahili walikuwa wafumaji. Waakiolojia wamechimbua Kilwa vigurudumu vya kusokotea pamba, na mwaka 1331 Ibn Battuta alisifu nguo zilizofumwa Mogadishu. Halafu karne ya 19 ikaja na shehena za kitambaa cha bei rahisi kutoka viwanda vya Marekani, kile tulichokiita merikani, na mitambo mingi ya pwani ikanyamaza. Leo maneno yamebaki kwenye kamusi, na mikono iliyoyajua haipo.

Kwa hivyo doña kunifundisha mimi, mgeni kutoka nchi ambayo huenda hataiona, si jambo dogo. Anapofundisha anapata pesa leo, ndiyo, na pesa hizo zinamwezesha binti yake kuona kwamba kufuma kunalisha. Mtu akiniambia wageni wasifundishwe kabisa, nitamuuliza yeye ni nani wa kumpangia mwanamke wa San Juan afunge mlango wake. Yeye na wenzake waliamua kuufungua. Walichofungua, nadhani, ni mlango wa mbinu. Kukaza na kulegeza, kutanda, kuhesabu, kugonga, huo ni ujuzi ambao unaweza kwenda popote, kama vile watu wengi duniani walivyogundua au kupeana namna ya kufuma. Mapambo yenye kutaja kwao ni chumba cha ndani. Ukikaribishwa sebuleni, ukapewa chai, ukakaa wiki tatu, unaruhusiwa kuona picha za ukoo ukutani. Huondoki nazo.

Beshte alijaribu mara ya mwisho. "Basi tubadilishe kidogo. Mabawa tuyafanye marefu, rangi tugeuze, hakuna atakayejua." Nikamwambia sheria huenda isijue, na sipendi kugeuza dhamiri kuwa hesabu ya asilimia ngapi imebadilishwa. Nikampa kipimo changu: je, ninaweza kumtumia doña picha ya shati hilo, pamoja na bei, nikamwandikia bila kuficha kitu, "Doña, tazama nilichofanya na ulichonifundisha"? Kama mkono unasita kabla ya kubonyeza, jibu ninalo. Alinyamaza siku mbili. Halafu akasema nimejifanya mtakatifu kwa hasara yangu, na kodi nililipiwa na dadangu, ambaye hajaacha kunikumbusha. Bado tunaongea, ila mada ya ndege tumeiruka.

Jibu langu kwa lile swali la mwanzo, basi, ni hili. Ada inalipa muda wa mwalimu. Haimalizi deni la mwanafunzi, kwa sababu kilichopita kutoka kwake kuja kwangu hakikuanza naye. Yeye mwenyewe anadaiwa, na mama yake, na nyanya yake. Ukifundishwa unaingia kwenye foleni hiyo ya wadaiwa, mahali pa mgeni, nyuma kabisa. Deni la namna hii huwezi kulimaliza kwa M-Pesa. Unalilipa kwa kutaja ulikojifunza, kwa kutouza usichopewa, kwa kumwelekezea mnunuzi anayetaka ndege wale kwa wanawake wanaowafuma, kwa bei yao. Na ukipata wa kumfundisha, unampa mbinu yote bila kuficha, kisha unamwambia mapambo atafute ya kwao.

Mimi nimeanza kufuma tena, nguzo ya balconi ndiyo mti wangu. Sijui bado nitaweka pambo gani. Kwetu hatukufuma nguo, tulisuka vikapu, na shangazi yangu kijijini ana hesabu zake za milia ambazo sijawahi kumuuliza maana yake. Nitaanza kwa kumpigia simu. Nitamuuliza kwanza kama hiyo milia ni yake kunipa.